Miguu Yangu Nitaikagua Mwenyewe

Zaitun binti yangu,

Sikuulizi hali, maana nakuona kwa dirisha hapo uani, umekaa chini na shangazi yako Kaltuma anakusuka nywele za safari. Mnacheka kwa sauti ya chini. Hivyo ndivyo wanavyocheka watu wenye siri, na siri yenu nimeijua.

Ondoga, dereva wa basi, ameniambia mwenyewe. Jana ulimwendea pale stendi ukamwambia kiti chako cha kesho ampe mtu mwingine. Nikamuuliza ulitoa sababu gani. Akasema, "Binti yako nasema baba iko mgonjwa, hapana mutu ya kuangalia mguu yake." Namna nilivyokutana na Ondoga nitakueleza baadaye, subiri. Kwanza ujue kwamba nimejua. Ulipanga uamke kesho unipikie uji, unioshe mguu kama kila siku, halafu uniambie basi limeharibika Pakwach au chuo kimesogeza tarehe. Na mimi ningekuamini, kwa kuwa moyoni nilitaka kuamini.

Basi nasema hapana. Chuo cha wauguzi kimekuita, na wewe utakwenda.

Nakuandikia kwa sababu nikisema utalia, na ukilia mimi hushindwa, tangu ulipokuwa na miaka mitatu. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako kabla ya magharibi. Humo hutakuta mambo ya kuchemsha maji, wala kunawa mikono, wala kulala ndani ya chandarua. Hayo unayajua kuliko mimi, na mimi umenifundisha wewe. Nataka kukusimulia nilivyouharibu mwili mzima niliopewa bure, ili ukubali kitu kimoja: ni mimi niliyeuharibu, na ni mimi nitakayeutunza.

Wewe unanikumbuka mnene. Lakini marehemu mama yako aliolewa na mtu mwembamba mwenye baiskeli. Nilikuwa nafunga vitambaa, sindano, nyuzi na chumvi nyuma ya baiskeli, natoka Arua baada ya sala ya alfajiri, na alasiri niko Koboko. Nilikula muhogo wa kuchoma na karanga mfukoni, nikanywa maji. Wanawake wa Lobule walinijua kwa kengele. Kilima kikinishinda nilishuka nikasukuma, na sikuwahi kuona kuwa huo ni mzigo. Kichwa hakikuuma, tumbo halikuuma, na usiku nilikuwa nikilala fofofo. Nilidhani kila mwanaume yuko hivyo.

Huko Koboko nilifikia kwa babu yangu Farajalla. Wewe hukumkuta. Alikuwa askari wa zamani, aliyetembea na bunduki mpaka nchi ambazo hata majina yake alikuwa ameyasahau. Kila jioni, kabla jua halijazama, alifanya gwaride la miguu. Wote waliomo kwake, watoto, wajukuu, wageni waliolala, walikaa mstari mmoja kwenye mkeka. Beseni la maji ya chumvi liko mbele. Yeye anapita na kuita, "Mguu juu!" Unainua. Anatazama kisigino, unyayo, kati ya vidole kimoja kimoja, kama kuna funza, mwiba au lengelenge. Ukiwa na kidonda hakusemi. Anakisafisha kwa mikono yake mwenyewe, taratibu kama mama. Ila ukikificha, unapata fimbo moja.

Nilipokuwa na ndevu na mke bado aliniambia "Mguu juu!" mbele ya watu. Siku moja nilikataa. Nikasema mimi si mtoto. Akanitazama sana, kisha akasema, "Mimi iko mzee sana. Risasi hapana kuniua. Simba hapana kuniua. Sasa wewe nataka kidonda kidogo ikuue?"

Nikainua mguu nimenuna. Mzee huyo alikufa akiwa na meno yake na miguu yake, na viatu vyake vimepangwa mlangoni. Tulipomaliza kumzika, gwaride tukalizika pamoja naye. Hakuna aliyesema liachwe. Lilikuwa jambo la kizamani tu, la watu waliotembea kwa miguu, na sisi tulitaka kuendeshwa.

Kisha mwaka ule Wahindi wakafukuzwa nchini, maduka yao yakagawiwa, na mimi nikapata duka. Nilipata na kiti. Kilikuwa kiti kizuri cha mbao chenye mto mwekundu, na mtu aliyekuwa akikikalia hakupewa hata nafasi ya kukiaga. Hilo sikulifikiria wakati ule. Nilikaa. Baiskeli nikaitundika ukutani huku nyuma ya nyumba mpaka mpira ukapasuka. Kutoka nyumbani hadi dukani ni mwendo wa kuvuta sigara moja, lakini nikawa nangoja gari la shemeji yangu lije linichukue, maana mwenye duka akitembea watu watasema biashara imekufa. Watu wakaanza kutuita sisi tuliogawiwa maduka Mafuta Mingi, na mimi mpumbavu nikaona ni sifa. Kila aliyenipita alisema nimependeza. Shati likikaza, nashona jingine.

Na sukari. Unajua kwetu mgeni anapimwa heshima yake kwa sukari iliyo kwenye glasi. Kaltuma mpaka leo anasema chai bila sukari ni chai ya matanga. Nyumba zetu zote zimelelewa hivyo, na sikatai, ni ukarimu. Lakini ilipofika miaka hii sukari ikaadimika, watu wakawa wanaamkia foleni na wanarudi na mfuko mtupu, mimi nilikuwa nayo. Nilikuwa naweka vijiko sita. Halafu saba. Ulimi wangu haukutaka saba, Zaitun. Nilikunywa barazani kwa duka ili watu wanione nakoroga.

Siku moja akaja Adriko, yule rafiki yangu wa Ayivu tuliyekuwa tukiendesha baiskeli pamoja, yeye na muhogo wake, mimi na vitambaa vyangu. Alikuwa na mama mgonjwa, anataka sukari kidogo ya uji. Nilimwambia sukari hakuna. Nilisema hivyo nikiwa na glasi mkononi. Yeye akatazama glasi, akatazama tumbo langu, akauliza, "Ndugu, baiskeli yako iko wapi?" Nikamjibu baiskeli ni ya watu maskini. Akapanda yake akaenda. Mambo mengi nimeyasahau maishani, lakini mgongo wa Adriko akiondoka siku ile ninao mpaka leo.

Mwili ukaanza kunidai. Kiu isiyokatika. Chooni kila saa. Sisimizi wakawa wanajipanga pale nilipokojoa, na Kaltuma akasema ni kijicho cha majirani, akafukiza ubani. Nikakubali, maana kijicho ni kosa la mtu mwingine. Nikanunua viatu vya ngozi vilivyochongoka mbele, nikatupa vile vyangu vya tairi. Viatu vikanibana, ila mimi sikusikia. Miguu ilikuwa imeshaanza kufa ganzi na nilidhani ndiyo raha ya viatu vya bei. Lilipotoka lengelenge nililiona. Usidhani sikuliona. Nililiona, nikavaa soksi juu yake, mimi mjukuu wa Farajalla, nikalificha wiki tatu.

Aliyenifichua ni wewe. Uliingia na sare zako za shule, ukasimama mlangoni, ukanusa, ukasema, "Baba, vua soksi." Nikakufokea maneno ambayo sitayaandika hapa. Hukutoka. Ulikaa chini ukashika mguu ukauinua. Tangu babu afe hakuna mtu aliyewahi kuuinua mguu wangu, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilipunguziwa: hospitali walikata vidole viwili tu. Daktari akanikalisha akaniambia nikiendelea hivi, mvua ijayo ataukata mguu wenyewe, na mvua itakayofuata ndugu zangu watanunua sanda. Alisema polepole, kama anayemsomea mtu hukumu. Nilimwambia, "Daktari, mimi hapana kufa kwa kalenda yako." Akaandika kitu kwenye karatasi. Nadhani aliandika kwamba nimechanganyikiwa.

Haya. Mvua ile imepita, na ya pili imepita. Hii inayopiga mabati siku hizi ni ya tatu, na mguu huu hapa chini ya meza, nauona.

Lakini nani aliyeuweka hapo? Ni wewe. Wewe ulinipimia ugali wa muhogo na mtama kwenye sahani ndogo, na mboga kwenye kubwa. Wewe uliifungia sukari ya wageni kwenye kopo la bati, ukatia kufuli, ukavaa ufunguo shingoni kwa uzi mweusi. Wewe ulinifuata na vidonge siku vilipopatikana, na siku visipopatikana ulinifuata na fimbo ya kutembelea ukasema tutembee. Kila asubuhi ulipiga magoti ukaniosha mguu. Na mimi wakati huo nilikuwa natazama paa. Miaka miwili, Zaitun, umeniosha mguu na sikuutazama hata mara moja. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko kiti na kuliko sukari. Tabia ya mwili wangu niliifanya kazi yako, nikakaa tena kitini.

Nililiona hilo barua ya chuo ilipofika. Uliisoma, ukafurahi kidogo, halafu macho yako yakashuka kwenye mguu wangu. Kaltuma naye siku hiyohiyo akanijia jikoni na maneno yake. "Binti nasoma sana, nani nataoa yeye? Na wewe nani nataosha?"

Nikamwambia, "Maiti ndiyo naoshwa, Kaltuma. Mimi iko hai."

Alinuna siku mbili. Ila maneno yale yalinirudia mwenyewe, maana nilikuwa nimeyasema huku nikingoja kuoshwa.

Basi sikia nilichokuwa nikikificha mimi. Tangu wiki ile naamka kabla yako. Nimechukua kioo changu cha kunyolea ndevu, nakiweka sakafuni penye mwanga wa mlango, najiambia "Mguu juu!" kimoyomoyo, nautazama unyayo kwenye kioo. Siku ya kwanza sikuweza kumaliza. Pale palipokuwa na vidole pana ngozi nyororo kama ya mtoto mchanga, na nililia, nakuambia kweli. Siku ya pili nilimaliza. Unakumbuka juzi ulikuta mkwaruzo kisiginoni umekwisha kupakwa dawa, ukamshukuru Kaltuma, naye akashangaa? Ni mimi.

Na zile siku nakuambia nimechelewa msikitini, Mungu anisamehe, sala ilikuwa imekwisha zamani. Nilikuwa njia ya Onduparaka natembea. Vijana wa mpira wa kule waliponiona mara ya kwanza wakasimamisha mchezo, wakapiga kelele, "Mafuta Mingi iko kwa miguu! Gari imekufa!" Nilitaka kurudi. Nikaona nikirudi leo sitatoka tena maisha, nikaendelea na jasho langu. Kesho yake vilevile. Sasa wamenizoea, na kipa wao huniuliza mafuta nimeyapeleka wapi. Namjibu nimeyauza.

Nilifika hata Ayivu kwa Adriko. Nilimkuta anapalilia maharage, ana umri wangu na anainama kama kijana. Nikamwomba radhi kwa ile sukari. Mama yake alikuwa ameshafariki, na hilo halirudi. Aliegemeza jembe, akasema, "Kama wewe nanipa sukari yote ile siku, labda leo mimi pia iko bila kidole." Kisha akacheka, na mimi nikacheka, na mke wake akatuletea chai isiyo na kitu. Ilikuwa chungu. Sasa nimeshaizoea, ila sitakudanganya kwamba ni tamu.

Nakuandikia haya yote uone kwamba sikutegemei tena. Hapana, hilo nimelisema vibaya. Nakutegemea, nakupenda, na nyumba hii kesho jioni itakuwa na ukimya ambao sijui nitaufanyaje. Lakini mguu wangu si sababu ya wewe kubaki. Sitakubali uwe mzee katika ua huu umepiga magoti mbele ya beseni, halafu watu wakusifu kwa hilo.

Tena, kwa kuwa leo nimeamua kusema, nitasema na lako. Umekonda. Hukai kula mpaka wote wamekula, na ukikaa sufuria ni tupu, unakwangua. Unalala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Mwezi uliopita ulishika ukuta kichwa kikikuzunguka, ukadhani sikuona, ukasema ni jua. Nililificha lengelenge ndani ya soksi. Wewe njaa na uchovu unavificha ndani ya wema. Ni ujinga uleule, mama. Huko unakokwenda watakupa wagonjwa wengi kuliko mguu mmoja wa baba yako, na kila mmoja atataka kukumaliza. Kula kabla hujawalisha. Lala. Tembea bila kumpelekea mtu chochote, utembee tu. Na mgonjwa akija amekificha kidonda mpaka kimenuka, usimfokee. Kaa chini kama ulivyokaa siku ile, umwambie avue soksi.

Sasa la Ondoga. Leo adhuhuri ulidhani nimelala. Nilivaa vile viatu vya turubai vipana, nikakagua ndani kwa mkono kama kuna jiwe, nikashika fimbo, nikatoka kwa mlango wa nyuma mpaka stendi. Nilikwenda kumsalimu tu dereva wako na kumwomba akuangalie njiani. Ndipo akaniambia kwamba kiti umekirudisha na amekwisha kumpa mfanyabiashara mmoja wa samaki.

Halafu nikaenda nikakaa kwenye ngazi ya basi lake.

Ondoga akasema, "Mzee, toka, mimi nataka kufagia ndani."

Nikamwambia, "Fagia. Mimi iko hapa mpaka kiti ya binti yangu inarudi."

Watu wakajaa. Ondoga akaona aibu, akaniagizia chai kwenye hoteli ya jirani. Ililetwa na sukari imerundikana chini ya glasi, nyeupe, sukari ambayo nusu ya watu waliosimama pale hawajaionja mwezi mzima. Harufu yake ilinifika. Nikamrudishia glasi mwenye hoteli. Akaudhika, akasema, "Mzee, mimi naweka vijiko tano kwa heshima yako!" Nikamwambia, "Heshima imefika, asante. Lete chai kavu, hapana sukari." Mzee mmoja wa kwetu akatikisa kichwa kana kwamba nimetukana ukoo. Nilikunywa ile chungu yote mbele yao, hadharani, wakiniona, kama zamani.

Sijui kama Ondoga alinionea huruma au alitaka tu kufagia. Alimhamisha yule mwenye samaki akampeleka nyuma na samaki wake, jambo ambalo nadhani abiria wote watanishukuru. Kiti chako ni cha dirishani, safu ya pili. Basi linatoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilirudi kwa miguu, nikakaa kitandani, nikavua viatu, nikaweka kioo sakafuni. Hakuna lengelenge. Hakuna hata wekundu. Nimetazama mara mbili.

Kesho nitakusindikiza, na hatutapanda gari la mtu. Sanduku atalibeba Kaltuma kichwani, maana alijitolea mwenyewe akidhani hutakwenda, ingawa atanung'unika njia nzima. Ukilia mimi nitatazama pembeni, na nikilia mimi utafanya hivyohivyo.

Jambo moja tu nakuomba. Nimesikia, dirisha liko wazi, ukimwambia Kaltuma kwamba hata ukija kuondoka siku moja, ufunguo wa kopo la sukari utamwachia yeye, aufiche nisiuone. Usimpe. Uvue huo uzi shingoni kwako, uje uniwekee mkononi, mimi mwenyewe, mbele yake.

Baba yako